Kabla ya Zege au Faiba, Chungulia Kisima cha Jirani

Alfajiri ya Aprili. Mvua ya usiku imekatika na madimbwi bado yanameta kwenye njia ya geti. Mwenye nyumba anafungua mlango wa nyuma, kikombe cha chai mkononi, na anakuta ukingo wa bwawa umegeuka ngazi. Jana jioni ulikuwa sawasawa na vigae vya baraza. Leo upande mmoja umenyanyuka kimo cha kiganja, skima, kile kisanduku cha ukutani kinachofyonza takataka za juu ya maji, imeng'oka kwenye bomba lake, na ufa umekimbia kwenye sakafu kutoka kona hadi kona.

Bwawa lilikuwa tupu. Lilimwagwa maji jana ili lisuguliwe.

Hakuna aliyelisukuma. Limeelea.

Ajali ya namna hii inaweza kumpata yeyote mwenye bwawa kwenye ardhi yenye maji ya juu, na pwani yetu inayo ardhi hiyo kwa wingi. Wiki kadhaa sasa inanirudia kila ninaposikia swali lilelile: tujenge la zege au tununue la faiba? Majibu yako tele. Faiba inawekwa haraka, zege linadumu. Faiba ni laini mguuni, zege linakubali umbo lolote. Yote kweli. Lakini yote huanza na bwawa, ilhali kilichomnyanyulia mtu yule ukingo hakikuwa ndani ya bwawa. Kilikuwa nje yake, kwenye udongo.

## Ganda ni mashua

Watu wa pwani tuna bahati moja: boti za faiba tunazijua. Bwawa la faiba ni ndugu wa boti hizo. Kiwandani huanzia kwenye umbo lililong'arishwa. Inapulizwa jelikoti, rangi ngumu isiyofika hata milimita moja, kisha resini, gundi inayoganda, na nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka. Viwanda makini huweka tabaka la resini ya vinaili esta mara tu nyuma ya jelikoti, kwa sababu resini ya kawaida ya poliesta ikikaa na maji miaka mingi huyanyonya polepole na jelikoti hutoka malengelenge. Ukienda kununua, uliza kuhusu tabaka hilo kabla ya kuuliza rangi.

Sasa tupige hesabu. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Linabeba maji mita za ujazo 45, yaani lita 45,000 hivi, sawa na maboza manne na nusu ya lita elfu kumi. Ganda lake tupu lina uzito wa tani moja hivi. Eneo la chini ni mita za mraba 32. Maji ya ardhini yakipanda sentimita 3 tu juu ya kitako cha ganda tupu, yanalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani moja. Yakipanda nusu mita, ni tani 16.

Mashua ya tani moja kwenye maji ya nusu mita. Itafanya nini?

Hapo wengi hufunga mjadala: basi zege. Mimi pia ningefunga hapo, kama nisingeendelea na hesabu.

Bwawa la zege la ukubwa uleule, sakafu sentimita 20 na kuta sentimita 20, lina zege la mita za ujazo 14 hivi. Hizo ni tani 34. Ukihesabu hadi nje ya kuta, kitako chake ni mita za mraba 37. Gawanya. Maji yakifika sentimita 92 juu ya sehemu ya chini kabisa ya sakafu, uzito wote wa zege umeshamezwa, na wakati huo maji yenyewe bado yako sentimita 70 hivi chini ya miguu yako. Msuguano wa udongo unasaidia kidogo, lakini udongo uliolowa haushiki kama mkavu.

Kwa hiyo zege nalo huelea, ila linachelewa. Na likianza, halinyanyuki sawa kama ganda; linapasuka.

## Shimo la majaribio

Kwa sababu hiyo naamini pesa ya kwanza ya bwawa iende kwenye shimo. Chimba mahali ambapo sehemu ya kina itakaa, ushuke nusu mita zaidi ya kitako kilichokusudiwa, kwa bwawa letu mita 2 na zaidi kidogo. Hakikisha kingo hazibomoki, na usimwache mtu mle peke yake. Liache siku mbili, likiwa limefunikwa ili mvua isilijaze kwa juu, kisha pima maji yalipotulia.

Msimu ni muhimu kuliko kina. Shimo la Septemba ni shahidi wa uongo. Maji hupanda masika, kati ya Machi na Mei, na mara nyingi kilele huchelewa nyuma ya mvua yenyewe. Ikiwa huwezi kusubiri, nenda kwa jirani mwenye kisima. Muulize mwezi wa tano kamba yake hushuka urefu gani kabla ndoo haijagusa maji. Jirani atakujibu bure, tena atakueleza na mwaka maji yalipotokea jikoni.

Na angalia rangi ya kuta za shimo. Madoa ya kutu na kijivu yaliyochanganyika ni alama kwamba maji huwa yanafika pale, hata kama leo pakavu.

Ukishafukia, acha bomba la PVC la inchi 4 lililotobolewa matundu upande wa chini, limezungushiwa kokoto na kitambaa cha kuchuja, likiwa na kifuniko juu usawa wa baraza. Liite jicho. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa moja ya bwawani, na litakuonyesha kiwango cha maji ya ardhini maisha yote ya bwawa. Siku ukitaka kumwaga maji, unateremsha kamba yenye jiwe kwanza. Maji yakiwa juu ya kitako, humwagi. Ikiwa hakuna budi, bomba liwe limepanuliwa hadi inchi 8 au zaidi tangu mwanzo, ushushe pampu ya kuzamisha humo uyavute kabla, na iendelee kuvuta hadi bwawa lijae tena.

Kuna vali ya sakafuni inayofunguka maji ya chini yanapozidi nguvu, yakaingia bwawani badala ya kulinyanyua. Kwenye zege ni kinga nzuri ya ziada. Lakini mchanga huiziba, na kwenye mitaa ambayo kila nyumba ina shimo la choo, maji yanayoingia kupitia vali hiyo si ya kuogelea. Kwenye ganda la faiba usitoboe kitako ili kuiweka bila ruhusa ya kiwanda; unaweza kuua dhamana kwa tundu moja.

## Kontena halina mita nne

Hapa kuna jambo ambalo katalogi za ng'ambo hazikwambii. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi. Ganda la mita 4 haliingii, hata ukililaza ubavu. Linahitaji kusafirishwa kama mzigo mpana juu ya kontena la jukwaa lisilo na kuta, kisha lori lenye kibali, kisha kreni ya kulivusha juu ya ukuta wa uzio. Ikiwa barabara ya mtaa ina nyaya za umeme zilizolegea na kona mbili kali, ndoto inaishia kwenye kona ya kwanza.

Ganda la upana wa mita 2.2 linaingia kontena. Hilo ni bwawa la kujipoza, si la kuogelea urefu.

Zege nalo halina bandari. Kokoto, mchanga, saruji, nondo na watu wako hapahapa. Ndiyo maana mabwawa mengi ya nyumbani kwetu ni ya zege au tofali. Sioni ubaya wowote hapo, mradi tusijidanganye kwamba kwa kuwa ni zege basi ni imara. Ganda la faiba limepimwa kiwandani, mbele ya watu wanaotengeneza lilelile kila wiki. Bwawa la zege ni la kwanza na la mwisho la aina yake, na linatengenezwa uani kwako, chini ya jua, na timu iliyoamka saa kumi usiku.

## "Bosi, hii inatosha, si ghorofa"

Ukiisikia sentensi hiyo, simamisha kazi.

Bwawa halibebi ghorofa, lakini lina kazi ambayo ghorofa haina: kuzuia maji yasitoke wala yasiingie. Kwa bwawa letu la mfano, sakafu na kuta zenye nyavu mbili za nondo za milimita 12 kila sentimita 20 zinakula nondo 140 hivi za mita 12. Mhandisi anaweza kuzipunguza au kuziongeza kulingana na udongo. Mhandisi, si muuza nondo. Saruji ni mifuko 100 na ushee kwa gamba peke yake, kabla ya plasta.

Nondo zikae juu ya biskuti za zege, vipande vidogo vya kuziinua, zikiacha sentimita 5 za zege kati ya chuma na udongo. Biskuti ya jiwe la kuokota huteleza, na nondo ikigusa udongo inaanza kupata kutu siku hiyohiyo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo inavimba na kusukuma zege litoke. Miaka michache baadaye utaona mstari wa kahawia kwenye vigae, uliofuata nondo kama ramani.

Pwani kuna adui wa pili: mchanga wa baharini. Ni karibu, ni rahisi, na una chumvi. Chumvi ndani ya zege huvua chuma kinga yake hata kama biskuti zilikaa vizuri. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo. Kuhusu tope, jaza chupa mchanga sentimita 10, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope likikaa juu kwa zaidi ya milimita 8 hivi, lori lirudi lilikotoka.

Maji ya zege ndiyo yanayoleta ugomvi. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 za maji zinatosha, na hizo ni pamoja na unyevu uliomo kwenye mchanga. Fundi ataona zege ni gumu kusukuma na ataongeza ndoo. Kila ndoo ya ziada itakauka na kuacha njia nyembamba ndani ya ukuta, na maji ya bwawa yatazipata njia hizo zote. Akitaka liteleze, anunuliwe dawa ya kulainisha zege. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, isiwe moja. Ikiharibika katikati ya kazi, ukuta utabaki na matundu kama sega la nyuki.

Sakafu na kuta zikimwagwa siku moja, vizuri sana. Kwa mashine ndogo ya kuchanganyia hilo ni gumu, kwa hiyo zege la jana litakutana na la leo. Pale kwenye maungio, chini ya ukuta, weka ukanda wa PVC wa kuzuia maji, nusu yake ndani ya zege la jana na nusu ikisubiri la leo. Ufungwe wima kwenye nondo kwa waya. Ukanda ukilala wakati wa kumwaga, hauzuii kitu, na hutajua mpaka bwawa lijae.

Halafu mabomba. Likivuja bwawa la zege, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale plastiki inapopita kwenye zege: skima, taa, matundu ya kurudishia maji, mfereji wa sakafuni. Viwekwe kabla ya kumwaga. Kutoboa kwa nyundo na patasi baadaye, eti "tutaziba kwa dawa", ni kununua uvujaji kwa fedha taslimu.

Lowesha zege siku saba mfululizo, magunia yasikauke hata mchana wa Ijumaa. Baada ya siku 28 lijaze maji kabla ya plasta na vigae, liache wiki linywe, kisha pima siku saba nyingine. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa maji yake uwe mmoja na wa maji ya nje. Jua litakunywa ndoo na bwawa kwa kiasi kilekile, pengine milimita 4 hadi 7 kwa siku. Bwawa likishuka kuliko ndoo, tofauti ile ndiyo uvujaji. Kiwango cha Uingereza cha matangi ya zege kiliruhusu kushuka sehemu moja kwa 500 ya kina katika siku hizo saba. Kwa mita 1.4 ni milimita 3 hivi. Watu huruka kipimo hiki kwa kuogopa bei ya maboza. Kisha wanalipa vigae mara mbili.

Kuta za tofali za inchi 6 zilizopigwa plasta ya dawa? Kwenye ardhi kavu, bwawa la kina kidogo, nondo wima ndani ya tofali na mkanda wa zege juu, zimewahi kukaa. Kwenye maji ya juu, hapana.

## Kosa lililojificha nyuma ya ganda

Faiba inaonekana rahisi kwa sababu sehemu ngumu haionekani. Ganda likishakaa shimoni, jelikoti inang'aa, na kila mtu anapiga picha. Kazi yenyewe ndipo inaanza: kujaza nafasi kati ya ganda na udongo.

Kitako kikae juu ya kokoto ndogo safi, sentimita 10, zilizosawazishwa kwa ubao na pima maji. Kosa la sentimita mbili halitaonekana shimoni, ila bwawa likijaa maji yatakusoma: upande mmoja yanagusa ukingo, upande wa pili kigae kimoja kikavu. Hakuna dawa isipokuwa kulitoa tena.

Pembeni, kokoto zilezile. Udongo uliochimbwa usirudi, nao ndio hurudi mara nyingi kwa sababu umelundikana pale na mwenye nyumba anataka uondoke. Udongo huo huzama miezi ijayo, unavuta bomba la skima, bomba linakatika mahali usipopaona. Mchanga ukilowa hutiririka na kusukuma. Kokoto hazizami sana, na maji hupita kati yake hadi kwenye lile jicho la PVC. Zungushia kitambaa cha kuchuja ili udongo usihamie ndani yake.

Maji na kokoto vipandishwe pamoja. Sentimita 30 za maji ndani, sentimita 30 za kokoto nje, kisha tena. Kokoto zikitangulia, ukuta unaingia ndani kama shavu la mzee. Maji yakitangulia, unatoka nje kama tumbo. Ukishafika juu, mkanda wa zege unazunguka mdomo wa ganda. Fundi mwenye haraka atataka kumaliza kufukia leo na kujaza maji kesho boza likija. Boza lije kwanza, lisimame getini.

Kazi yote ya kufunga inaweza kwisha ndani ya wiki moja hadi tatu. Zege hupenda miezi mitatu.

## Baada ya hapo

Kwa matunzo, faiba ni nafuu na sitabishana. Uso wake hauna matundu, mwani hauna pa kushika, na hautoi chokaa. Plasta mpya ya saruji hupandisha pH wiki hadi wiki, na utatia asidi mara nyingi mwaka wa kwanza. Klorini kwa zote mbili ni ileile: miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.6. Kwa lita 45,000, gramu 70 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 hupandisha miligramu moja. Uyeyushe kwenye ndoo ya maji kwanza, unga ndani ya maji na si maji juu ya unga. Ukimwaga unga mkavu juu ya jelikoti, kila punje inaacha alama nyeupe ya kudumu.

Nairobi na kwingine kwenye udongo mweusi unaovimba, hofu ni nyingine. Udongo ule hunywa mvua ukavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Uondolewe wote chini na pembeni na kujazwa moramu iliyoshindiliwa, kwa zege na kwa faiba vilevile. Ganda hupinda kidogo likasamehe, zege halisamehi.

Na kwenye mawe ya matumbawe ya Mombasa, gharama ya kuchimba yenyewe inaweza kukuamulia kina.

## Ningechagua nini?

Ardhi kavu hadi mita 3, barabara nyembamba, fundi ninayeweza kumkagua kila siku ya kumwaga: zege, tena bila kusita. Barabara pana, ganda linapatikana bila kuvuka bahari, na kisima cha jirani chenye maji ya mbali: faiba, kwa sababu makosa yake yanahitaji siku chache za kusimamia badala ya wiki kumi na mbili.

Kilichonitesa ni kesi ya tatu: kiwanja cha mchanga karibu na bahari, maji mita moja tu chini mwezi Mei. Nimepima zege nzito zaidi, sakafu ya sentimita 30 yenye kisigino kinachotokeza nje ya ukuta ili udongo ulikalie. Inawezekana, mhandisi akiichora. Faiba yenye pampu ya kudumu kwenye jicho pia inawezekana, mpaka usiku umeme unapokatika bwawa likiwa tupu.

Jibu ninaloliona la busara linakera kidogo, kwa kuwa si la zege wala la faiba. Usishuke. Chimba sentimita 80 tu, kuta za zege zipande sentimita 60 juu ya ardhi, zungusha jukwaa la mbao au kifusi kilichopandwa majani. Kina kinapungua sentimita 20 hivi tu, kitako kinabaki juu ya maji ya Mei, lori la kifusi cha kuhamisha linapungua, na mtoto anayejifunza kutambaa anakutana na ukuta kabla ya maji. Ukuta huo ukiupa upana wa sentimita 40 juu, watu watakaa hapo jioni kuliko watakavyoogelea.